Presha ya Bulwa Haisubiri Bingwa

Agosti 28, 2025, akizindua kampeni za CCM viwanja vya Kawe, Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba serikali itabeba gharama za vipimo na matibabu ya kibingwa kwa wasio na uwezo. Moyo ulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Ni ahadi ya huruma, lakini kwangu ni nusu ya jambo, tena nusu ya mwisho. Tumekubali kumlipia maskini moyo ukishaharibika, ilhali hatujakubali kumhakikishia kidonge ambacho kingeuzuia usiharibike.

Tuitazame Bulwa, wilayani Muheza, juu kwenye Usambara Mashariki, kwenye mashamba ya chai yanayopakana na misitu ya Amani. Mchuma chai aliyevuka miaka hamsini anaweza kuwa na presha ya 180 kwa 110 na asisikie chochote. Anapanda na kushuka kilima na kapu lake mgongoni kama kawaida. Siku mshipa utakapopasuka kichwani, mbele yake kuna barabara ya milimani hadi Muheza mjini. Baada ya hapo ni hospitali ya rufaa ya Bombo, Tanga, na kwa wachache ndiyo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Taasisi hiyo, iliyoanza mwaka 2015, ni fahari yetu sote, na imewatibu hapa nyumbani watu ambao zamani wangepelekwa India. Lakini kiharusi hakingoji basi la asubuhi.

Na presha ndiyo kiini cha habari yote hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, karibu thuluthi moja ya vifo vyote duniani, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka huohuo, watu wazima wapatao bilioni 1.28 walikuwa na presha ya kupanda. Karibu nusu hawakujijua, na ni mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona presha kwa mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2006, watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam, na kiwango cha Dar kikaonekana kuzidi kile cha nchi nyingi tajiri. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatukuonywa.

Wapo wanaosema wagonjwa waliokwisha kuumia hawawezi kusubiri sera, hasa watoto ambao valvu za mioyo yao zimeharibika. Ni kweli, wapelekwe wakafanyiwe upasuaji. Ila wengi wa watoto hao waliharibikiwa na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa mapema, na penisilini ya kuyatibu ni kazi ya zahanati.

Wengine husema wananchi wabadili mtindo wa maisha. Tangu Desemba 2016 tumehimizwa kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na kwa mtu wa ofisini huo ni ushauri mzuri. Chumvi ipunguzwe, sigara iachwe, sina ubishi. Lakini mwanamke anayechuma chai kutwa kwenye miteremko ya Bulwa afanye mazoezi gani tena? Kumhubiria huyo mbio za Jumamosi ni kumtwika lawama ya ugonjwa ambao mfumo ndio umeshindwa kuutibu.

Presha haiponi kwa ziara moja ya hospitali. Inatulizwa kila siku, kwa miaka yote iliyobaki, na dawa kama amlodipini ambayo ni ya bei ndogo na inatengenezwa na viwanda vingi duniani. Kinachotakiwa ni mashine ya kupimia inayofanya kazi, daftari la wagonjwa, dawa isiyokatika, na mtu wa kuuliza kwa nini mama fulani hakuja mwezi huu. Vyote hivyo ni vya zahanati. Hakuna hata kimoja kinachohitaji bingwa.

Tena tunajua kuyafanya haya, maana tumekwisha kuyafanya kwa VVU. Oktoba 2004 Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo. Dawa zilianzia hospitali kubwa, kisha zikashushwa hadi zahanati za vijijini, zikiwa na kadi, tarehe ya kurudi na watu wa kumfuatilia aliyepotea. Tulijenga mfumo kamili wa kumhudumia mtu maisha yake yote, na ukaokoa maisha ya watu wengi. Utafiti uliofanyika kaskazini magharibi mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vituo vilikuwa vimejiandaa kwa VVU kuliko kwa presha na kisukari. Bado katika vituo vingi mtu mwenye VVU na presha hupewa ARV mkononi, na kwa presha huandikiwa karatasi akanunue duka la dawa. Nani alituambia kwamba mishipa yake ina haki ndogo kuliko kinga yake?

China wamelijaribu jambo hili kwa kipimo kikubwa. Katika vijiji 326, matabibu wa vijijini, wasio mabingwa, walipewa mwongozo rahisi wa dawa na usimamizi wa madaktari. Baada ya miezi 18, asilimia 57 ya wagonjwa wa vijiji vilivyopata huduma hiyo walikuwa wamefikia presha iliyokusudiwa, dhidi ya asilimia 20 katika vijiji vingine. Baada ya miaka mitatu, kiharusi na magonjwa ya moyo vilikuwa vimepungua kwa thuluthi moja. Sisi tayari tuna mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294. Wapewe mashine za presha, na wawe na zahanati yenye dawa wanakoweza kumpeleka mgonjwa.

Badala yake tunashangilia kambi za mabingwa. Tangu 2024 madaktari bingwa wamekuwa wakizunguka hospitali za halmashauri, siku chache hapa, siku chache pale. Mabingwa hao wanajituma, na upasuaji wanaoufanya ni wa manufaa. Kwa mwenye presha, hata hivyo, siku chache ni sawa na bure. Kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha, kisha kuondoka bila kumwachia dawa ya mwezi ujao, ni kumtelekeza. Ripoti ikitaja maelfu waliopimwa, mimi nataka kujua wangapi bado wanameza dawa mwaka mmoja baadaye.

Zahanati ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Kwa hiyo swali hili halihitaji kwenda Muhimbili. Madiwani wa Muheza wanaweza kumwuliza mganga mkuu wa wilaya katika kikao kijacho cha bajeti: mwaka uliopita, katika kila zahanati ya Tarafa ya Amani, dawa ya presha ilikosekana siku ngapi, na wagonjwa wangapi walioandikishwa wamefikisha presha chini ya 140 kwa 90? Jibu likiwa halipo, fungu la dawa lisipitishwe hadi lipatikane.