Goti la Chipukizi ni Amana

Kila mwaka, katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, huonekana kijana aliyeanguka akishika goti. Humwagiwa maji baridi, hufungwa kitambaa, huambiwa ajikaze, kisha hurudishwa uwanjani huku watazamaji wakishangilia. Sisi hatuoni la kushangilia hapo.

Ndani ya goti, baina ya mfupa wa paja na ule wa muundi, mna magegedu mawili yenye umbo la hilali, ambayo hupokea uzito wa mwili na kuilinda mifupa isisagane. Mchezaji akigeuka ghafla hali unyayo umekita ardhini, gegedu huweza kuchanika. Goti huvimba, aghalabu baada ya saa kadhaa, na pengine hukwama lisinyooke. Goti lililokwama halichuliwi wala halivutwi. Hupelekwa hospitali upesi.

Zamani gegedu lililochanika liliondolewa lote. Mwaka 1948 daktari Mwingereza T. J. Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei jinsi magoti hayo yanavyobadilika na kuharibika baadaye. Huko Tokyo, Masao Watanabe alikata kipande kilichochanika tu mwaka 1962, akitumia darubini nyembamba inayopenyezwa kwenye tundu dogo. Na mwaka 1969 Hiroshi Ikeuchi alishona gegedu kwa njia hiyo hiyo. Leo shauri la mabingwa ni kuliokoa gegedu kila inapowezekana, hasa kwa vijana. Mchaniko mdogo uliotulia huweza kupona kwa mapumziko na mazoezi ya viungo. Ule wa ukingo wa nje, penye mishipa ya damu, ndio unaoshika mshono vizuri. Lakini kijana anayeendelea kucheza huusaga mchaniko huo mpaka hapabaki cha kushonwa.

Hapa ndipo penye mtihani. Aliyekatwa kipande huweza kurudi uwanjani baada ya majuma machache. Aliyeshonwa hutembelea magongo kwanza, na aghalabu hungoja miezi 4 hadi 6, au zaidi. Kocha mwenye fainali mbele yake atatamani njia ya mkato. Mzazi naye asikubali kumbadilishia mwanawe miaka ya uzima kwa kombe la msimu mmoja.

Hatusahau kwamba Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko mbali na vijiji vingi, na kwamba matibabu yana gharama. Ndiyo maana tunazitaka kamati za michezo zitenge fedha za matibabu na nauli kabla ya kununua jezi mpya. Kila timu iwe na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na neno lake la kumtoa mchezaji lisipingwe na kocha wala kiongozi yeyote.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa goti ukiachwa, mwenye kuujenga ukuta huo ni kijana peke yake, siku ambayo waliomshangilia wamekwisha msahau.