Kabla ya Kununua Dawa, Tazama Vifaranga Wamelalia Nini



Leo tuzungumzie matandazo, yaani kile unachotandika sakafuni kwenye bruda kabla ya kuweka vifaranga. Mtu akitaka kuanza kufuga kuku huuliza chakula gani, kisha huuliza chanjo. Matandazo hayaulizwi. Kila mmoja hutandika kilicho karibu na kisicho na gharama: mchanga wa ufukweni kwa watu wa Pangani na Mkinga, vumbi la mbao kwa aliye jirani na seremala, magazeti kwa wa mjini. Wiki ya tatu vifaranga wakianza kujikunyata na kuhara damu, ndipo pesa inatoka mbio kwenda duka la dawa.

Msimamo wangu ni huu: kwa hali ya hewa ya pwani yetu, matandazo ni kinga, na yapewe uzito sawa na chanjo. Anayeuza vifaranga bila kumwambia mteja atandike nini, ameuza nusu ya bidhaa.

Kwa nini pwani ni tofauti

Ugonjwa wa kuhara damu, koksidiosisi, huletwa na vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo wa kuku. Kuku akinya, mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi. Yakiwa ndiyo kwanza yametoka hayaambukizi. Yanahitaji joto, hewa na unyevu, na yakivipata, ndani ya siku moja au mbili huwa tayari kumwambukiza kifaranga atakayeyadonoa.

Joto Tanga lipo mwaka mzima, na hewa huwezi kuizuia, maana vifaranga wanaihitaji. Kilichobaki mikononi mwako ni unyevu peke yake. Ukikausha sakafu, umekata mnyororo wa ugonjwa kwa gharama ndogo. Ukiiacha ichakae, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei na wakati wa vuli, utatibu leo na baada ya muda mfupi utatibu tena, kwa sababu vifaranga wanarudi kudonoa sakafu ileile.

Wapo wanaokimbilia antibayotiki yoyote waliyoizoea, hasa oksitetrasaiklini. Hiyo siyo dawa ya koksidia. Dawa zake zipo, mfano amproliamu, lakini hata hizo hazisaidii sana kama sakafu ni tope.

Kuna na amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Hutokana na kinyesi kilicholoana. Inaumiza macho na njia ya hewa ya kifaranga, na kuku aliyeumia huko hushikwa na mafua kirahisi. Wewe umesimama, pua yako iko juu kabisa. Chuchumaa, sogeza uso karibu na sakafu, uvute hewa wanayoivuta wao. Ikikuwasha, wao wanaumia tangu zamani.

Maswali matatu ya kuuliza

Kabla ya kutandika kitu chochote, jiulize: Je, kifaranga atakila? Je, kitafyonza maji na kukauka? Je, mguu wake utashika bila kuteleza? Kwa maswali haya matatu, tupitie tulivyonavyo.

*Mchanga wa ufukweni.* Siuungi mkono kwa vifaranga. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo mchanga huo haukauki vizuri. Kifaranga huudonoa, na mwili wake haustahimili chumvi nyingi. Tena mchanga ukilowa usiku huwa baridi, wakati kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35.

*Vumbi la mbao.* Huu ndio mtego mkubwa, kwa sababu linafanana na chakula cha unga. Kifaranga wa siku moja hajui kutofautisha. Analijaza gololi lake, linavimba, chakula hakipiti, na unamkuta amekufa ukidhani ni ugonjwa. Vumbi lake pia huingia puani. Wanaochana misaji inayotoka upande wa Longuza, Muheza, wanajua jinsi vumbi lake linavyowasha ngozi na pua za watu wazima, sembuse kifaranga.

*Maranda.* Haya ni yale mapande membamba yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa. Ni mazuri sana: ni makubwa kwa mdomo wa kifaranga, yanafyonza maji na yanakauka upesi. Ya paini iliyokauka yanafaa kabisa. Sharti ni moja: yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa. Mbao nyingi za kupaulia zenye rangi ya kijani zimechovywa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Muulize fundi alikuwa anaranda mbao gani, na asipokumbuka, acha.

*Pumba za mpunga.* Hapa nasema yale maganda magumu yanayotoka kwenye mashine ya kukoboa, siyo zile pumba laini za kulishia. Kwa mfugaji wa Tanga hili ndilo chaguo langu la kwanza. Korogwe wanalima mpunga, kule Mombo kuna skimu ya umwagiliaji, na nyuma ya mashine nyingi pumba hizi zimelundikana hadi zinachomwa moto. Hazifyonzi maji kama maranda, lakini hazigandamani na hupitisha hewa. Usichukue zilizonyeshewa. Pumba zenye ukungu huleta ugonjwa wa mapafu: kifaranga anapanua mdomo kutafuta hewa, na hakuna dawa ya maana utakayompa. Nusa kabla ya kubeba. Ukisikia harufu ya uvundo, usizitandike.

*Makumbi ya nazi na makapi ya mkonge.* Watu huniuliza sana kwa kuwa tunavyo kwa wingi. Makapi yanayotoka kwenye korona ni maji matupu. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge, mengine ni maji na nyama ya jani. Ukitandika hayo umetandika tope. Makumbi yaliyokauka yanafyonza vizuri, ila nyuzi ndefu, za nazi au za mkonge, hujifunga kwenye vidole vya kifaranga hadi mguu unavimba, na akizimeza zinajisokota tumboni. Makumbi yakikatwakatwa vipande vifupi na nyuzi ndefu kuondolewa, yanafaa kwa kuku wakubwa. Kwa vifaranga, ngoja kwanza.

*Magazeti.* Yanateleza. Kifaranga akiteleza siku za mwanzo, miguu inatanuka pande mbili na huenda asisimame tena. Kama unataka kufunika pumba siku mbili tatu za kwanza ili vifaranga wajue chakula kiko wapi, tumia karatasi ngumu ya boksi yenye mikunjo, au mkeka mkuukuu uliooshwa na kuanikwa juani. Baada ya hapo toa.

"Mbona kuku wa mama wanalala vumbini?"

Hoja hii naisikia kila kijiji, na ina uzito wake. Ni kweli, kuku wa kienyeji huangua chini ya ghala na vifaranga wanakua. Lakini tazama anavyofanya mama yao. Anawatoa asubuhi, leo wanachakura huku, kesho kule. Kinyesi kinasambaa eneo kubwa na jua linakikausha. Usiku wanapata joto chini ya mbawa zake. Hata hivyo wengi wao wanakufa, ila hatuwahesabu kwa sababu hatukuwanunua.

Bruda ni kitu kingine. Umewafungia vifaranga 100 mahali pamoja, wanakunya hapo, wanamwaga maji hapo, wanadonoa hapo. Hawana pa kukimbilia. Ulichowatandikia ndicho shamba lao lote.

Wengine husema pesa hakuna. Basi tupige hesabu ya mfano. Tuseme kifaranga umemnunua kwa shilingi 2,000. Vifaranga 100 ni shilingi 200,000. Kwa kuanzia, eneo la mita za mraba 3 linatosha, na pumba za kujaza eneo hilo ni kama magunia mawili. Tuseme gunia pamoja na usafiri ni shilingi 3,000. Jumla ni 6,000, yaani bei ya vifaranga watatu. Ukiongeza magunia mengine mawili ya kubadilishia, ni bei ya vifaranga sita. Koksidiosisi ikiingia haiondoki na sita. Weka bei za kwenu, hesabu itabaki upande uleule.

Namna ya kutandika

Fagia sakafu, osha, acha ikauke kabisa. Kama kundi lililopita liliugua, toa matandazo yote ya zamani na upumzishe banda wiki mbili. Anika pumba au maranda juani siku nzima ukiyageuza, hata kama umeambiwa ni makavu. Tandika kina cha sentimita 5 hadi 8, kama upana wa vidole vinne vilivyolala. Washa joto mapema ili matandazo yapate moto kabla vifaranga hawajafika. Kama unatumia jiko la mkaa, liweke juu ya matofali na uzungushie kizuizi, maana pumba kavu hushika moto kwa cheche moja. Acha na nafasi ya moshi kutoka.

Chombo cha maji kipandishe juu ya tofali, kwa sababu sehemu inayolowa kwanza siku zote ni pale. Kila asubuhi toa palipolowa na ujaze pakavu. Pageuze panapoanza kuganda.

Kipimo hakihitaji chombo. Chota konzi ya matandazo, kamua, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakishikana kidogo halafu yakavunjika, yako sawa. Yakitawanyika yote na vumbi kupaa, ni makavu kupita kiasi na yatawakera vifaranga mapafu.

Ukiona kuhara damu tayari kumeanza, usingoje. Ondoa yaliyolowa siku hiyohiyo, na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata akuelekeze dawa na kipimo. Fanya vyote viwili pamoja.

Kwenu wafanyabiashara

Vifaranga wengi wa chotara, Kuroiler na Sasso, hutufikia kwa basi kutoka mbali. Mteja anakuja dukani kwako kuwapokea akiwa na boksi mkononi, na papo hapo ananunua chakula na vitamini. Kwa nini asikute na gunia la pumba kavu au maranda safi pembeni? Mwenye mashine ya kukoboa anazichoma. Wewe unaweza kuzichekecha, kuzianika na kuziuza. Ni biashara ya kweli, hasa masika, wakati pumba kavu ni shida kupata.

Seremala naye atenganishe: maranda gunia lake, vumbi gunia lake, na ya mbao zenye dawa yasiingie kabisa kwenye biashara hii. Mteja ambaye vifaranga wake wamepona atarudi mwezi ujao kuchukua wengine. Aliyezika nusu ya kundi hatarudi, na atawaambia majirani kwamba vifaranga vyako vina ugonjwa, hata kama kosa lilikuwa la sakafu.

Matandazo yaliyotumika pia msiyatupe. Yalundikeni, yafunikwe yasinyeshewe, yaive kwanza, kisha wakulima wa mboga watayahitaji. Msiwape ng'ombe au mbuzi.

Kama vifaranga wako wanafika wiki hii, nenda leo ukatafute pumba, uzianike kesho kabla mvua haijabadilisha mawazo. Dawa ya kuhara damu utaikuta dukani hata wiki ijayo, ila pumba kavu siku ya mvua huzipati.