Zamu ya maji isiwe kitu cha kupotea



Kwenye mifereji mingi ya bonde la Ruzizi kuna sheria moja ambayo haimo ndani ya kitabu chochote, lakini hata mtoto anaijua: zamu ya maji ukiikosa, imepotea. Utangoja mpaka mzunguko urudi, siku saba, na mahali pengine kumi. Naandika juu ya sheria hiyo kwa sababu saizoni C inakaribia, na kwa maoni yangu inakula maji yetu kuliko jua la mwezi wa nane.

Angalieni namna inavyofanya. Mama mmoja ana ari 5 za vitunguu, shamba lake liko juu, karibu na mlango wa maji. Vitunguu vimekomaa, majani yameanza kulala. Kitunguu cha namna hiyo hakitaki tena maji. Ukimwagilia kitaoza ghalani. Yeye mwenyewe anajua vizuri. Lakini zamu yake ni Jumanne, na anajiuliza: nikiiachia leo, nitaipata tena siku gani? Jirani ataizoea. Kwa hiyo anafungua. Maji yanapita kwenye matuta, yanatoka upande mwingine, yanaishia njiani. Siku hiyohiyo, kule chini mwisho wa mfereji, nyanya za mwenzake zinaangusha maua kwa kiu. Mama huyo wa vitunguu si mchoyo. Mimi pia ningefungua.

Sisi maagronomu tukifika tunafundisha mambo mazuri: kufunika udongo kwa majani makavu ya mupunga, kumwagilia asubuhi ama jioni, kusawazisha shamba ili maji yasikimbilie pembe moja. Kwa mupunga tunafundisha kuacha maji yashuke mpaka sentimita 15 chini ya udongo mbele ya kurudisha mengine, isipokuwa wakati wa kutoa maua, pale shamba libaki na maji. Yote ni kweli na yanasaidia. Lakini ile maji inayobaki inakwenda wapi? Aliyefunika udongo wake anafungua mlango saa zilezile, kwa sababu zamu ni zamu. Wa chini hapati hata tone zaidi. Semina imefanyika, picha zimepigwa, na mfereji uko vilevile.

Tufanye hesabu kidogo. Mboga iliyokua, siku za joto, inahitaji karibu lita 5 kwa mita mraba kila siku. Ari moja, yaani mita 10 kwa mita 10, ni lita 500, sawa na bido 25 za lita 20. Kwa siku saba ni lita 3.500. Sasa chukua bido mahali maji yanapoingia shambani kwako. Kama inajaa kwa sekunde 4, unapata lita 5 kila sekunde. Kwa ari 5 za mboga, maji ya wiki nzima yanaingia kwa muda usiofika saa moja. Tuseme nusu inapotea njiani, maana mifereji yetu ni ya udongo. Basi ni saa mbili. Lakini nimetembea kwenye mfereji ambako kila mtu anapewa nusu siku, mwenye ari 3 sawa na mwenye ari 20, na wote wanalipa mchango uleule.

Tatizo hili si letu peke yetu, na si la maskini peke yao. Kule Marekani watu wengi wanakaa kwenye mitaa yenye shirika la wenye nyumba. Ukinunua nyumba humo unakuwa mwanachama, utake usitake: unalipa mchango na unafuata sheria za ndani. Mashirika mengi yalitaka nyasi mbele ya nyumba ziwe kijani, zikikauka, faini. Fikirieni mji wa Las Vegas, jangwani, ambako mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 100 tu. Mamlaka ya maji ya huko inahesabu kwamba mita mraba moja ya nyasi inakunywa karibu lita 3.000 kwa mwaka, na bustani ya mimea ya jangwani yenye mipira ya matone haifiki lita 800. Watu walijua. Ila mwenye nyumba atapunguza vipi maji, na shirika lake litamtoza faini? Mwaka 2014 jimbo la California likaweka sheria: wakati wa hali ya dharura ya ukame, shirika haliruhusiwi kumtoza faini aliyepunguza maji ya bustani yake. Mwaka 2021 jimbo la Nevada, lenye mji huo wa Las Vegas, likaenda mbali zaidi: nyasi za mapambo, zile ambazo hakuna mtu anazikanyaga isipokuwa mwenye kuzikata, hazitapewa tena maji ya mto Colorado kuanzia mwanzo wa 2027. Nyasi za uani kwa nyumba ya mtu binafsi hazikuguswa. Ona wapi walianzia: kwenye sheria iliyokuwa inamlazimisha mtu kupoteza.

(Na tusiwacheke sana. Nimeona biro za mashirika ya misaada hapa kwetu zinamwagilia nyasi za mbele ya mlango saa sita mchana, mwezi wa saba.)

Kwetu napendekeza hivi. Zamu isitumike, isipotee. Mwanachama aliye na udongo wenye unyevu amwambie mlinzi wa maji, iandikwe kwenye kaye, na saa zake zibaki zake: anaweza kumkopesha mwenzake wa chini, ama kuzichukua mzunguko ujao. Kujua kama unahitaji maji si kazi ngumu. Chimba kina cha kiganja, finyanga udongo wa chini. Ukishikamana kama ugali, acha mpaka wakati mwingine. Udongo wa mchanga utakuambia ndiyo haraka, wa mfinyanzi utakaa siku nyingi. Halafu saa zigawanywe kwa ukubwa wa shamba lililopandwa, na mchango vilevile. Na wakati wa kiangazi mzunguko uanzie mwisho wa mfereji. Wa juu hawatakosa, maji lazima yapite kwao.

Najua watakaokataa. Wa juu watasema: sisi ndio tulichimba mfereji huu, wengine walifika wakati maji yanatembea. Ni kweli, na jasho lile lina haki yake; koperative inaweza kuwapunguzia kazi ya kuondoa tope kila mwaka. Lakini kuchimba mfereji hakumpi mtu haki ya kumwaga maji njiani. Wengine watasema mlinzi wa maji atauza saa za watu. Hofu hiyo ni ya kweli zaidi, nami sina dawa yake kamili. Kaye isikae mfukoni mwake. Saa ziandikwe kwa chaki juu ya ubao kwenye ghala, kila mtu azisome, na mlinzi achaguliwe upya kila saizoni, mara moja wa juu, mara moja wa chini. Leo, bila kaye na bila ubao, saa zinauzwa usiku, na kila kiangazi tunasikia mahali watu wameshikana mapanga kwenye mlango wa maji.

Koperative isiyotaka kubadilisha yote ijaribu mfereji mdogo mmoja tu, saizoni moja, na wa chini wahesabu mara ngapi maji yamewafikia.

Mkutano mkuu ukifika mbele ya mwezi wa sita, anayelima mwisho wa mfereji aombe jambo hili liandikwe kwenye ajenda. Aje na bido ya lita 20 na saa ya mkononi, apime mbele ya komite.