SEHEMU YA 5: MTOTO SIYO MTO WA KUZUIA MZIGO

Mama zangu na dada zangu wa Namasakata na vijiji jirani, sehemu ya nne imeniletea maneno. Wengi mmeipokea vizuri, lakini kuna ndugu yetu mmoja kaandika, "Nesi, wewe unakaa kwenye kivuli, sisi tunahamia shamba na hatuna Fuso." Watu wakamwekea vidole gumba vya kutosha. Sawa. Leo namjibu yeye, na nyie wa vidole gumba mnisome hadi mwisho.

Hakuna aliyekuambia ununue Fuso. Msimu huu naujua ulivyo. Mvua ikishaanza, nyumba inahama: sufuria, ndoo, unga, godoro, chandarua, turubai, majembe, kuku wawili waliofungwa miguu, na mtoto. Mnakwenda kukaa kibandani miezi, mnapalilia, mnafukuza nguruwe, wengine mnalala mkisikiliza kama tembo wanapita. Ndiyo maisha yetu, hayana aibu yoyote. Ninachokipinga ni ile safari yenyewe inavyofungwa: pikipiki moja, dereva, mama, mtoto na nyumba nzima juu yake.

Uangalieni mpangilio. Dereva kasogea mbele, karibu anakalia tangi. Mama yuko nyuma yake. Mtoto yuko mgongoni kwa mama, kwenye mbeleko. Nyuma ya mtoto, pale kwenye keria, kuna gunia la unga, juu ya gunia godoro limekunjwa, juu ya godoro ndoo. Halafu baba anasimama pembeni anaridhika, "Hapo haanguki, kabanwa vizuri."

Kabanwa nani? Mbuzi akikatiza barabara na dereva akafunga breki, pikipiki inasimama lakini mzigo hausimami. Unakuja mbele. Na kitu cha kwanza unachokikuta ni mgongo na kisogo cha mtoto wa miezi saba. Umri huo mifupa bado laini, kichwa ni kizito kuliko shingo inavyoweza kukizuia kikirushwa. Yaani gunia la kilo ishirini linamtumia mtoto kama mto, ili mama asiumie mgongo! Na mkishuka salama mara kumi mnasema njia hii haina tatizo.

Mtaniambia, basi nimlete mbele, katikati yangu na dereva. Kwa habari ya gunia, ni afadhali. Lakini uso wake usikandamizwe kwenye koti la dereva, na usimfunike kanga gubigubi eti vumbi. Mtoto mchanga akizibwa pua hapigi kelele. Ananyamaza, na mama anafurahi kwamba amelala. Mgeuze uso pembeni, uuone, simamisheni pikipiki mara kwa mara umwangalie. Na yule wa miaka mitatu anayekalishwa juu ya tangi, mikono kashika usukani pamoja na dereva, huyo sina hata maneno naye. Kikitokea kitu, yeye ndiye wa kwanza kuruka.

Tusidanganyane, mahali salama pa mtoto mdogo kwenye pikipiki hapapo. Kwa hiyo kama mtoto lazima apande, cha kupunguza ni mzigo. Mzigo uende peke yake kwanza, na baba au kijana wa nyumbani. Kama mashamba yenu yanapakana, changeni nyumba tatu mkodi guta mara moja. Baiskeli ibebe unga na majembe taratibu. Mama na mtoto waje safari yao, na mfuko mmoja tu.

"Hela ya safari ya pili iko wapi?" Swali la haki, na kwa baadhi yenu kweli haipo, hao nawaambia baiskeli na miguu. Lakini wengine, jamani, korosho zikilipwa tunanunua spika ya kutikisa bati. Spika hiyo hiyo inapelekwa shamba, inapewa nafasi kwenye keria, imefungwa kwa mpira mara nne! Nauli ya pili ndiyo inaitwa anasa. Mtu akivunjika paja akapelekwa Songea, hesabuni nauli ya wagonjwa, chakula cha anayeuguza, na palizi iliyolala wiki nzima. Ndipo mniambie kipi ghali.

Sasa wanaobeba mzigo, wasikie. Kizito kinakaa chini na karibu na kiti, kimegawanywa sawa kulia na kushoto. Ukirundika uzito nyuma kabisa ya keria, tairi la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mchanga au mlimani usukani haukusikii tena. Jembe na panga vifungwe kwa gunia, makali yasielekee kwa mtu. Mkienda kilomita chache simameni mkaze mipira, maana mzigo hujikalisha na kamba hulegea.

Na ncha za mbeleko na kanga zifutikwe ndani. Nguo ikishikwa na cheni au spoku inamvuta mama chini kabla dereva hajajua. Mguu wa mtoto ukining'inia, kisigino kinaingia kwenye spoku, na kidonda cha pale hakiponi upesi. Ukiungua na bomba la moshi, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo unga, siyo mafuta.

Helmeti moja, kavaa dereva. Mama kavaa kilemba. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kichwa cha mama kimetengwa kwenye hesabu hiyo kwa sababu gani?

Kuna jingine linanikera zaidi, la magunia. Ule mfuko wa kilo 25 uliokuwa na salfa ya mikorosho, unaukung'uta, unaupakia unga. Au kopo la dawa ya wadudu linasuuzwa, linabebewa maji ya kunywa njiani. Hapana! Sumu haitoki kwa kusuuza. Na kama unapeleka dawa ya shamba, isifungwe gunia moja na chakula, wala petroli ya akiba isining'inizwe juu ya mfuko wa unga. Hivyo vibebwe safari isiyo na mtoto.

Ule mfuko mmoja wa mama sasa. Chandarua, kisibaki nyumbani eti nafasi imekwisha. Kadi ya kliniki, kwa sababu chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18 hazisubiri mpunga ukomae. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki, uviombe kituoni kabla ya kuondoka: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi kama pakiti inavyoelekeza, na zinki atumie siku zote ulizoandikiwa hata kama kuhara kumekata siku ya pili. Mtoto akipata homa kule, usimalizie vidonge vya mwaka jana, mlete apimwe. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akidegedeka au akilegea, usingoje asubuhi.

Ndugu yangu wa Fuso, najua utajibu. Jibu, ila kabla hujaandika nenda kwanza uitazame pikipiki iliyofungwa pale uwanjani kwako, umulize mama watoto anakaa wapi. Sehemu ya 6 ni ya maji ya kisima cha shambani.