Watalai na Neno "Uchawi"

Majuzi nilimsikia mhubiri mmoja huku Kericho akiwaita Watalai wachawi. Nilishtuka, maana serikali ya kikoloni ilisema hayo hayo. Mwaka 1934 ilitunga sheria ya kuwaondoa, ikawahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto, mbung'o na malale. Wazee, wanawake, watoto, wote! Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba Wakipsigis walimsikiliza orkoiyot kuliko Bwana DC.

Mimi ni Mkristo, sifichi, wala sitaki matambiko yarudi. Lakini babu yangu alipomwomba Asis mvua, alikuwa akimwomba nani? Wahubiri wetu na watujibu hilo kwanza, ndipo wazungumze juu ya uchawi.