Hukumu ya Talaka Isiishie Kwenye Karatasi
Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Haki ipo. Inakwama baada ya hukumu, kwa sababu mshindi ndiye anayetakiwa kurudi mahakamani kuomba utekelezaji, na dalali wa mahakama hafanyi kazi bure. Vijijini Nzega mali yenyewe mara nyingi ni ng'ombe, magunia ya mpunga na shamba lisilo na hati: ng'ombe huweza kuswagwa usiku mmoja hadi kwa ndugu, na mpunga ukauzwa.

Wapo watakaosema mahakama si wakala wa mdai. Kwa deni la wafanyabiashara, sawa. Lakini mwanamke aliyetoka kwenye ndoa mikono mitupu atapata wapi nauli ya kuifuata haki ileile mara ya pili? Mahakimu, orodhesheni mali mapema, zuieni isiuzwe shauri likiendelea, na tarehe ya makabidhiano iandikwe ndani ya hukumu yenyewe.