Mashine ya Mkate na Mama Mkwe

Juma lililopita tuliwaahidi wasomaji wetu maneno machache juu ya watoto na masomo ya jioni. Maneno hayo yatangoja. Nyumbani kwetu, hapa Lubumbashi, kumetokea mambo ambayo mtaa mzima umekwisha kuyajua, nasi twaona ni heri tuyasimulie wenyewe kabla hayajafika kwenu yakiwa yametiwa chumvi.

Shemeji yetu, mdogo wake mama wa watoto, anakaa Antwerp katika Ubelgiji. Mwezi wa tano alitutumia sanduku kubwa, na ndani yake mashine ya kuokea mkate nyumbani. Asiyepata kuiona afikiri ndoo ya pembe nne yenye kifuniko. Ndani yake mna sufuria, na chini ya sufuria kichuma kidogo kinachozunguka na kukanda unga; kuizunguka sufuria pana chuma kingine kinachopata moto. Watia unga, maji, chumvi na chachu, wabonyeza kitufe, waenda zako. Baada ya saa tatu au nne, wasema, mkate u tayari. Tulishukuru pia kwamba ilitoka Ubelgiji, maana umeme wa huko na wa kwetu nguvu zake zakaribiana. Jirani yetu mmoja aliletewa mashine ya namna hiyo kutoka Marekani, iliyofanywa kwa volti 120, akaichomeka katika volti 220 za hapa. Hakuoka mkate hata mmoja. Aliioka mashine yenyewe.

Sasa yatupasa kusema habari ya mama mkwe wetu. Watoto wamwita Nkambo. Sisi, kwa heshima ya ukwe, twamwita Mama. Anakaa katika nyumba ndogo nyuma ya yetu, na tangu ujana wake anaoka mikate midogo ya kuuza: sufuria pana juu ya mbabula, bati juu ya sufuria, na makala ya moto juu ya bati, ili mkate upate joto chini na juu. Kwa mikate hiyo alimsomesha mama wa watoto mpaka akapata diploma yake, na shemeji wa Antwerp vilevile. Siku tulipofungua sanduku alikuja, akaigusa ile sufuria ya mashine kwa kidole kimoja, akasema, “Basi, sasa mikono yangu inaweza kulala.” Watu wote wakacheka, nasi tukacheka. Hatukuangalia kama yeye alicheka.

Mkate wa kwanza haukustahili kuitwa mkate. Shemeji alikuwa amekifunga kile kichuma cha kukandia katika karatasi peke yake, na mtoto wetu mdogo alikwisha kukichukua awe nacho dereva wa lori. Hatukujua kwamba kinahitajiwa. Kwa saa nne mashine ilinguruma na kuzungusha kitu ambacho hakikuwamo, na mwisho ikalia kwa furaha kama iliyomaliza kazi. Tukafungua. Juu palikuwa na unga mkavu, katikati uji, na chini kitu cheusi. Kuku walikataa kukila.

Kwa mkate wa pili tuliazimu kufuata kitabu cha maelezo. Kitabu kilikuwa cha Kiflemi. Kurasa za Kifaransa zilikwisha kung’olewa na mtu aliyekuwa na mashine hiyo kabla yetu. Lakini mtu aliyesoma Kilatini miaka sita kwa mapadre hadhani kama kuna lugha itakayomshinda, hasa mbele ya watoto wake. Tukatambua mara kwamba *lepel* ni kijiko, na furaha ya kutambua ikatuzuia kulitazama vema neno lililoambatana nalo. Kumbe Waflemi wana *koffielepel*, kijiko kidogo cha kahawa, na wana *eetlepel*, kijiko cha kulia, nacho huchukua mara tatu ya kile kidogo. Penye kijiko cha kahawa cha chachu sisi tulitia kijiko cha supu, tena chenye kilima.

Chachu ni kitu hai. Hula sukari iliyomo katika unga, na inapokula hutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayovimbisha mkate. Tena mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa namna hii hewa ya nje hukandamiza kidogo, hata kipimo cha chachu kinachofaa Antwerp, karibu na bahari, huku kwetu chaweza kuwa kingi. Sisi tulitia mara tatu na zaidi. Kwa muda wa saa moja na nusu hatukuona neno. Kisha kifuniko kikaanza kuinuka polepole, kama cha sanduku lenye mtu ndani. Donge likachungulia, likashuka pande zote, likaangukia kile chuma wakati kilipoanza kupata moto. Moshi ukajaa jikoni, ukatoka dirishani, ukaenda mtaani kutoa habari. Jirani akafika mbio na ndoo ya maji.

“Mwalimu, nyumba inawaka?”

“Hapana, baba, ni mkate.”

Akatutazama, akaitazama ndoo yake, akauliza kama kwa mkate wa namna hiyo maji hayahitajiwi. Tulimzuia kwa shida, maana maji na umeme havipatani.

Mkate wa tatu twaona haya kuusimulia, lakini wanafunzi wetu watausimulia tusipousimulia sisi. Kwa ajili ya usalama tuliiweka mashine mezani katika chumba cha kukaa, karibu na daftari arobaini zilizongoja kusahihishwa, tukaenda kulala. Mashine inapokanda donge gumu hutetemeka, na inapotetemeka hutembea. Saa tano ya usiku tulisikia kishindo. Ilikuwa imefika ukingoni, ikajitupa pamoja na waya wake, na daftari zikatangulia chini kuipokea. Mashine haikuvunjika. Kesho yake tulirudisha daftari zenye madoa ya unga mkavu, na kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye katika hesabu hana bidii hata kidogo, akauliza kwa adabu kubwa kama maksi zake zingeweza kuvimba pia.

Ndipo mama wa watoto alipoketi na kalamu. Alihesabu unga uliopotea: kilo sita. Kisha akasema, kwa sauti yake ya chini ambayo twaiogopa kuliko ile ya juu, “Baba, umepita uani siku hizi?” Tukapita. Mbabula ya Mama ilikuwa baridi, imegeuzwa juu chini. Kwa majuma matatu hakuoka. Wateja wake wa asubuhi, wale wa kituo cha mabasi, walikwisha kumpata mwuzaji mwingine. Hakuna aliyemfukuza kazini. Alisikia tu kwamba nyumbani kwa mkwe wake pana mashine, na mkwe wake alicheka.

Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Tukakumbuka habari tuliyoisoma katika kitabu cha Wajapani wawili, Nonaka na Takeuchi, kilichotolewa mwaka 1995. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita, ambayo leo yaitwa Panasonic, walikuwa wakihangaika na mashine ya kwanza ya mkate wa nyumbani. Haikukubali. Ganda la mkate liliungua na ndani mlikuwa mbichi, kama kwetu. Walipiga hata picha za mionzi, wakalinganisha donge lililokandwa na mashine na lile la mwokaji, wasione neno la kuwasaidia. Ndipo mmoja wao, mwanamke aitwaye Ikuko Tanaka, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mji wa Osaka, Osaka International. Siku moja akaona kwamba mwokaji yule, anapolivuta donge, hulisokota pia. Mwokaji mwenyewe hakuwa amelisema kamwe. Mikono yake ndiyo iliyolijua. Wahandisi wakaongeza mbavu ndogo ndani ya sufuria ya mashine ili donge lisokotwe, na mkate ukaiva.

Mwanamke huyo alisafiri mpaka hotelini kumtafuta mwalimu wake. Wetu alikuwa umbali wa hatua kumi na mbili, nasi hatukumwuliza kitu.

Asubuhi tulikwenda kumwona. Wasomaji wajua jinsi mtu anavyoongea na mama mkwe: husimama mbali, hutazama pembeni, husema machache. Tulisimama mlangoni na kuutazama mwembe.

“Mama, mashine imetushinda.”

Hakujibu upesi. “Nilisikia moshi,” akasema.

“Tunakuomba utufundishe.”

“Nimfundishe mkwe au niifundishe mashine?”

Tukasema, wote wawili, kama ikiwezekana. Akakaa kimya tena, mpaka tukaanza kuyahesabu majani ya mwembe. Kisha akaomba apelekewe kitabu cha maelezo. Alikipindua mara mbili, akakirudisha, akasema hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwezi wa saba Lubumbashi pana baridi.

Hayo ndiyo aliyotuonyesha, nasi twayaandika kwa wale ambao watoto wao wa Ulaya watawatumia sanduku. Katika baridi ya kiangazi maji yawe vuguvugu: yamwagwe kidogo juu ya kifundo cha mkono, na yasipouma wala kupoza, yafaa. Ya moto mno huua chachu. Chumvi isikae juu ya chachu kavu. Ziwekwe mbalimbali mpaka unga uanze kukandwa. Tena kifuniko kifunguliwe dakika chache baada ya kukanda kuanza. Hilo lilitushangaza, kwani sisi tulikihofia kifuniko kama mlango wa sakristia. Mama aliingiza vidole viwili, akabonyeza donge, akasema liwe laini kama ncha ya sikio. Akaongeza kijiko cha maji, akangoja, akaongeza nusu. “Unga wa kiangazi una kiu,” akasema. Chachu aliipunguza kuliko kitabu kilivyoagiza. Chini ya miguu ya mashine akatandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, na tangu hapo haikutembea. Tulipomwuliza kama tungeweza kuchanganya nusu ya unga wa mahindi, tupunguze gharama, alitutazama kwa mara ya kwanza: mahindi hayana ule utomvu wa ngano unaovutika na kushika hewa, kidogo yachukuliwa, nusu ni tofali.

Mkate uliotoka siku hiyo ulikuwa mkate. Kichuma cha kukandia kilibaki ndani yake, nasi tulikikuta kwa jino, lakini hilo si kosa la Mama.

Yaliyobaki ni habari ya karamu. Kifungua mimba wetu alifaulu mtihani wa Serikali. Vijana wenzake wakaja kwa kelele, wakammwagia poda nyeupe kichwani kama ilivyo desturi, na poda ilipokwisha wakaingia jikoni wakachukua unga wa ngano. Kwa unga uliosalia Mama alipima mikate miwili kwa ajili ya wageni wa jioni. Saa kumi alasiri, donge la kwanza lilipokuwa limevimba nusu, umeme ukakatika. Mashine nyingi za namna hii hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu. Umeme ukichelewa, zasahau kila kitu. Umeme wetu ulirudi kesho yake saa tatu asubuhi. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi, na ndugu mmoja kutoka Likasi alikuwa akieleza kwa sauti kwamba amekuja hasa kuona mkate unaojioka wenyewe.

Mama hakusema neno. Aliigeuza mbabula, akaitia makala, akaliinua donge kutoka katika mashine kama mtu anayemtoa mtoto majini, akaligawa vipande kumi na sita. La pili akalikanda kwa mikono yake, mbele ya wasichana wote wa nyumba, na kwa mara ya kwanza tuliangalia: alivuta, akasokota. Bati likawekwa juu, makala juu ya bati. Kulipokuwa giza mikate ilifika mezani katika mwanga wa mishumaa, na harufu yake ikawanyamazisha hata vijana wa poda. Ndugu yule wa Likasi alikula mitatu, akafuta mdomo, akasema, “Kweli Wazungu wana akili.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii tulitazama. Tukasimama mbele ya wageni, tukasema mkate huo umeokwa na nani na kwa kitu gani, na wateja wake waliibiwa na kicheko cha nani. Halikuwa jambo rahisi kwa mtu aliyezoea kusahihisha wengine. Vijana wakapiga makofi. Mama akarudi uani bila kujibu.

Juma lililofuata alimtuma mjukuu aje kuichukua mashine. Anasema viungo vya vidole vyamuuma asubuhi, basi na ikande, kuoka hatairuhusu. Umeme ukiwapo, inakanda saa kumi ya usiku. Usipokuwapo, mikono yake yafanya. Wateja wa kituo cha mabasi wamerudi, si wote. Kila asubuhi mtoto hutuletea mikate sita na hesabu yake juu ya karatasi. Mwanzoni tulidhani karatasi hiyo ni mzaha. Tukamwuliza Mama, tukiutazama mwembe, kama hakuna bei ya mkwe.

Akasema ipo, na hiyo ndiyo tunayolipa. Wa kituo cha mabasi wanapunguziwa.